Mwavuli Mlangoni

Isongole,
4 Machi 2024

Mama Fred,

Salamu kutoka huku kwenye ukungu. Viazi vinakwenda vizuri, mgongo unakwenda vibaya, mengine ni yale yale. Nashukuru kwa maparachichi uliyoyaacha dukani kwa Mwantum. Hasheem wa bodaboda alikula moja njiani, amekiri mwenyewe kabla sijamuuliza.

Sasa niandike jambo ambalo nimelikwepa tangu Jumapili. Ackson ameomba kikao cha bodi, Jumamosi tarehe 16, saa nne asubuhi, ukumbi wetu pale Tukuyu. Kama makamu anayo haki ya kuomba, nami kama mwenyekiti nimesaini. Ajenda ni moja tu. Anataka nyumba ya wazee ya Kyimo ikodishwe kwa yule tajiri wa Mbeya anayetafuta mahali pa kufungua loji, kwa ajili ya wageni wanaokwenda Ziwa Ngozi. Anasema wafadhili wa nje wametuacha, wazee waliobaki ni wachache, na kodi ya loji itaendesha huduma ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Wazee watarudishwa kwa ndugu zao. Ameyaandika vizuri. Insha nilimfundisha mimi, darasa la sita.

Wajumbe tuko saba. Ackson na wenzake wawili wanataka loji. Agness na Padre Abrahamu wanataka nyumba ibaki. Tunabaki mimi na wewe. Katiba inasema kura zikilingana jambo linabaki kama lilivyokuwa, kwa hiyo akiingia mmoja wetu tu, wazee wanabaki.

Nasema mmoja kwa sababu wawili haiwezekani, na sababu unaijua. Zamani ulikaa barazani, mimi ndani, na Agness akawa anakuletea maneno na kuyarudisha, hata kura yako aliingiza yeye. Katiba mpya imeondoa hilo. Kura ni ya kuinua mkono, na anayehesabiwa ni aliyemo ukumbini. Tuliipitisha ili serikali isitusumbue na usajili, wala hakuna aliyefikiria baraza.

Tangu mwanangu Ezron akuoe mimi na wewe hatujakaa chini ya paa moja. Hata siku tulipomzika kila mtu alilia upande wake wa nyumba. Najua vijana wa Kinyakyusa wameacha mwiko huu, mkwe na mkamwana wanakula sahani moja na mvua inanyesha kama kawaida. Mimi siwezi, na sidhani kama wewe unaweza. Mwantum aliniuliza kwa nini nisikupigie simu tukamaliza. Nilimwambia simu ni sauti. Barua haina sauti wala uso.

Nimeamua nitakwenda mimi. Kiti ni changu. Wewe baki na wazee.

Wako,
Ambilikile Mwakasungula
Mwenyekiti, Huduma ya Jamii ya Mtakatifu Ana


Kyimo,
7 Machi 2024

Tata,

Ndaga, asante kwa barua yako. Nimeisoma mara moja nikaenda kupika, nikairudia nikaunguza maharage.

Nakuandikia kwa heshima, lakini leo heshima inanibana. Huyo Ackson alipotaka tupunguze walezi, ulisema tutaona, wakapunguzwa. Alipotaka gari liwe linalala kwake, ulisema tutaona, na sasa linalala kwake. Nilikuwa barazani nikisikia kila kitu, ila sauti yako nilikuwa naziba masikio nisiisikie, naletewa na Agness. Hata ikipita kwa Agness, tutaona ni tutaona. Ulimfundisha, ukamfurahia, mpaka leo unamwona ana kaptula na kalamu sikioni. Atakuuliza, Mwalimu, wewe unashauri nini, nawe utataka kuwa mwema kwa kila mtu.

Wewe unamjua Gwantwa kwa jina tu. Ngoja nikwambie. Ni mtu wa huko huko kwako Isongole. Watoto wa kaka yake walifiwa na watoto wawili mfululizo, wakasema ni yeye. Siku moja wakampa chai, akaumwa tumbo wiki nzima. Tangu hapo hali kitu kutoka mkono wa mtu. Alipoletwa hapa alikaa bila kula mpaka tukadhani tunamzika. Nikawa naonja mimi kwanza mbele yake, kila siku, kijiko changu na kijiko chake, mpaka akaanza kupokea. Anapokea kutoka kwangu tu. Nikienda Mbeya kumwona Fred nikalala huko, analala njaa. Huyo ndiye ambaye Ackson anasema atarudishwa kwa ndugu zake. Ndugu zake ndio hao wa chai.

Na Mzee Yohane, aliyepoteza macho mgodini Kiwira, anazijua ngazi za nyumba hii kwa miguu. Ukimhamisha unampofusha mara ya pili.

Kwa hiyo naomba niende mimi. Nataka niyaseme haya kwa mdomo wangu, Ackson akinitazama, na mkono wangu nauinua mimi. Wewe ukiwa kwenye kiti mimi sina mdomo. Samahani, Tata, lakini mara hii nipishe.

Mama Fred

Juu ya bahasha nimeandika Kwa Mwenyekiti kama siku zote, maana jina lako si la mdomo wangu wala la kalamu yangu.


Isongole,
12 Machi 2024

Mama Fred,

Barua yako ilinichoma, nikakaa nayo siku nzima shambani. Kwanza nilikasirika. Nilisema peke yangu, mkamwana gani huyu anamwandikia mkwe wake namna hii, angekuwa binti yangu ningemwita. Kisha nikakumbuka kwamba kukuita siwezi, nikacheka, na nilipokwisha kucheka hasira nayo ikawa imekwisha.

Ni kweli napenda kuwa mwema kwa kila mtu. Kwa mwalimu hilo halina ubaya sana. Kwa mwenyekiti ni ugonjwa.

Habari za Gwantwa sikuzijua. Watoto wa kaka yake nawajua, tunasali pamoja, wanaimba kwaya.

Nenda wewe. Kaa ndani, wala usikae karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka. Nimempa Hasheem bahasha hii aipeleke kwa Mwantum leo leo. Jumamosi nitakuwa huku Isongole napalilia, na saa nne nitasimama kidogo niwaombee.

Wako,
Ambilikile Mwakasungula


Kyimo,
12 Machi 2024

Tata,

Tangu nilipotuma ile barua sina raha. Nimemwandikia baba yake Ezron kama ninayegombana na muuza ndizi sokoni. Ezron angekuwepo angeniambia, Mama Fred, hata kama ni kweli, ndiyo uiseme hivyo? Nami ningemjibu, na tungenuniana mpaka jioni. Sasa sina wa kununiana naye, nimejinunia mwenyewe.

Agness alipita jana. Amenieleza jambo ambalo sikulijua, kwamba ulikataa mara mbili kusaini ile habari ya kuwarudisha wazee, na safari hii ulisaini kwa sababu katiba inakulazimisha kuitisha kikao. Hukuwahi kulisema. Unafanya wema ukiuficha halafu unaacha watu wakulaumu, na mimi nikawa wa kwanza.

Nenda wewe, Tata. Mkamwana hamwondoi mkwe kwenye kiti chake mbele ya watu, hata kwa ajili ya wazee. Wakiniona mimi nimeingia na wewe hupo, watasema nimekufukuza. Na Ackson mbele yako ataona haya kidogo, mbele yangu hataona. Yale ya Gwantwa nimekuandikia, yaseme. Mimi nitakuwa jikoni.

Nisamehe.

Mama Fred


Kyimo,
Jumapili, 17 Machi 2024

Tata,

Leo nimeimba kanisani mpaka mwenzangu wa pembeni akanikanyaga.

Ngoja nikueleze nilivyokosa utii. Barua yako ya kusema niende mimi ilinifikia Ijumaa jioni, mvua ikinyesha. Nikaona zimepishana, yangu inakwambia nenda, yako inaniambia nenda. Kukujibu hakukuwa na muda, na simu ya Mwantum ilikuwa imezimwa. Nikafikiri, mzee ameshasema anabaki Isongole, nisipokwenda hakuna atakayekwenda. Basi Jumamosi nikavaa, nikamwachia Gwantwa uji mbele yake nikiwa nimeshauonja, nikapanda daladala.

Nilifika mapema. Agness alikuwa anafuta viti, tukasalimiana, nikashika kitambaa nikamsaidia. Tulicheka sana, sikumbuki hata tulicheka nini. Padre Abrahamu akaingia, na wenzake Ackson wakaingia kwa mlango wa pembeni. Nikaenda mlango mkubwa kumwaga maji machafu nje, nikauona mwavuli wako. Umeegemea ukuta, unachuruzika maji, ule mweusi wenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Ezron ndiye aliyeufunga, nilikuwepo. Nikajua umekuja. Nikajua umeipata barua yangu na umekubali.

Sikutazama kulia wala kushoto. Niliacha ndoo hapo hapo nikazunguka nje upande wa jikoni, nikapita kwenye migomba nyuma ya kanisa mpaka barabarani. Hata kumuaga Agness sikumuaga, nilijua ataelewa akikuona unaingia.

Nilipofika Kyimo niliwaambia wazee, mwenyekiti mwenyewe yuko kwenye kiti. Mzee Yohane aliomba tupike ndizi na nyama. Nyama haikuwepo, tukapika ndizi. Gwantwa alikula akaongeza, na hajawahi kuongeza.

Niandikie walivyonyamaza ulipoinua mkono. Usinifiche hata kidogo, hasa uso wa Ackson.

Ndaga, Tata. Ndaga fijo.

Mama Fred


Isongole,
Jumapili, 17 Machi 2024

Mama Fred,

Nakohoa kwa hiyo nitaandika kifupi.

Ijumaa nilipata barua yako ya kuomba msamaha na kuniomba niende. Nilifurahi kuliko inavyomfaa mzee wa umri wangu. Nikasema basi, kama amebaki jikoni, ninakwenda, na safari hii sitasema tutaona. Nilirudia maneno ya Gwantwa njia nzima, Hasheem akadhani nazungumza na yeye akawa ananijibu.

Nimefika mlango wa ukumbi, nimeegemeza mwavuli nifute tope viatuni, nikasikia sauti ndani. Sijawahi kukusikia ukicheka. Katika miaka hii yote sijawahi. Lakini nilijua mara moja ni wewe, kwa sababu Agness aliitikia akisema Mama Fred. Basi nikajua barua yangu ilikufikia, umetii, umeingia.

Niligeuka hapo hapo. Nilikwenda haraka mpaka nikausahau mwavuli, na nilipoukumbuka nilikuwa nimeshafika stendi, mvua imeniloesha hadi soksi. Sikurudi. Kurudi kungekuwa kukuvuruga, na mimi nilikuwa nimeridhika. Nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilitembea kwenye mvua kama mwanafunzi aliyetoroka shule.

Sasa nangoja unieleze. Uliyasema ya Gwantwa? Ackson alijibu nini? Mwavuli mwachie Mwantum, nitamtuma Hasheem auchukue.

Wako,
Ambilikile Mwakasungula


Tukuyu, dukani,
Jumatatu, 18 Machi 2024

Kwa Mama Fred shoga yangu, na kwa Mzee wangu Mwenyekiti,

Nimeandika barua moja, nikainakili, kila mtu apate yake. Mnajua mimi si mwandishi, mimi ni wa kupima vitambaa, na leo nimefunga, kichwa kinaniuma. Mnisamehe.

Jana jioni bahasha zenu mbili zimeletwa hapa, moja na Hasheem, moja na mwanakwaya wa Kyimo. Zimelala pamoja juu ya kaunta. Sijazifungua, Mungu ni shahidi. Asubuhi hii kaja Agness na mwavuli mkononi, kaukalia ule mkeka wa wateja, kaanza kulia. Alichoniambia ndicho ninachokiandika, kwa sababu yeye amesema mkono wake hauwezi.

Hakuna kati yenu aliyekuwa ndani.

Agness anasema Mama Fred alitoka na ndoo asirudi. Akachungulia, akauona mwavuli wa Mzee, akasema moyoni, aa, Mzee amefika, mwenzangu amempisha. Akakaa akingoja Mzee aingie. Padre naye akauona, akadhani Mzee kaenda msalani. Saa nne ikafika. Ackson akasema mwenyekiti hayupo, makamu anaongoza, wajumbe watano wanatosha. Padre akaomba wangoje. Wakangoja. Agness akapiga simu zenu, hazipatikani, akatoka nje, kazunguka kanisa zima na mvua ile, karudi peke yake. Ackson akasema mtu anayeacha mwavuli akaondoka ana maana yake. Wakainua mikono, watatu kwa wawili. Na kwenye mengineyo wakamchagua Ackson kuwa mwenyekiti, kwa kuwa wa zamani ameonekana hataki kazi.

Mimi watu wangu wametoka pwani, tuna miiko yetu na nyingine mtaicheka. Huu wenu siucheki. Ila leo nimeukasirikia, na nimewakasirikia nyinyi wawili, kwa kuwa nawapenda. Mlikuwa mnapishana mlangoni, na mlango ukabaki mtupu.

Bahasha zenu nazituma pamoja na hii. Si zangu kuzizuia. Mwavuli naupeleka Isongole.

Mwantum


Kyimo,
20 Aprili 2024

Kwa mwenye mwavuli,

Nimekosa pa kukuandikia. Nilizoea kuandika Kwa Mwenyekiti, juzi nikaandika hivyo na Mwantum akaniuliza ni mwenyekiti yupi siku hizi. Nikaichana bahasha. Ndiyo maana umeona hivyo juu.

Tata, sikuandika mwezi mzima kwa sababu kila nilichoanza kiliishia kwenye ndoo ile. Ningeshika kitambaa dakika moja zaidi. Ningeuliza tu, yuko wapi mwenye mwavuli. Mtu yeyote angeuliza. Mimi nikakimbia kwenye migomba nikiwa na furaha.

Padre alikwenda kuwaomba warudie kura. Ackson alimpokea vizuri, akampa soda, akamwambia mkataba umesainiwa. Nimeonana na Ackson mwenyewe pia. Si mtu mbaya, na hilo linaniumiza kuliko angekuwa mbaya. Alinieleza habari ya wagonjwa wa majumbani, na ni kweli wapo. Akaniuliza, kama jambo lilikuwa zito hivyo kwenu, mbona hamkuja. Utamweleza nini mtu.

Nyumba imefungwa Alhamisi. Mzee Yohane amechukuliwa na wajukuu wa dada yake, Kiwira. Wana duka barabarani, malori yanapita mlangoni. Aliniuliza ngazi ni ngapi huko. Sikujua.

Gwantwa alipandishwa gari mwisho. Alidhani tunakwenda hospitali pamoja, akanisogezea nafasi nikae. Gari lilipowashwa nikiwa chini alishika kanga yangu, dereva akamfungua vidole kimoja kimoja, kwa upole tu. Nilimpa chupa ya uji. Nilionja mbele yake kupitia dirishani.

Yuko kijijini kwako sasa, kwa watoto wa kaka yake. Naomba umtazame. Sina mtu mwingine huko.

Mama Fred


Isongole,
2 Juni 2024

Atupele,

Nimeandika jina lako. Nimejaribu kulitamka nikiwa peke yangu chumbani, halikutoka, lakini mkono umekubali kuliandika.

Gwantwa yuko kwangu. Nilimkuta analala kwenye kibanda cha kuni, na huku unajua baridi ya mwezi huu, maji yanauma kushika. Watoto wa kaka yake hawakumpiga wala kumtukana. Walimpelekea chakula kila siku wakakiweka mlangoni, wakaondoka, wakarudi kukichukua. Waliniambia, Mwalimu, tufanye nini, hali. Nikasema basi nampeleka kwangu, wakashukuru, wakanisaidia kumbeba.

Kwangu pia hali. Nimeonja mbele yake kama ulivyoandika. Ananitazama nikionja, ananitazama nikimeza, halafu anafunga mdomo. Mke wa jirani amejaribu, Agness amepanda kutoka Tukuyu akajaribu. Anakunywa maji anayokinga mwenyewe bombani. Viazi vibichi nilikuta ameficha chini ya mto. Sidhani kama itachukua muda mrefu.

Sikiliza. Jana nilimwita Padre Abrahamu. Nimetamka mbele yake na mbele ya ndugu zangu wawili kwamba mwiko kati yangu na wewe nimeuondoa. Tumesali. Ndugu zangu hawakupenda lakini wameshuhudia. Mimi ndiye mkwe, kuuondoa ni juu yangu, na nimeuondoa.

Kwa hiyo njoo. Usipite nyuma. Pita mlango wa mbele, mchana, piga hodi, ingia. Mimi nitakuwa nimekaa sebuleni, yeye yuko chumba cha Ezron. Ukipenda nitageuza kiti nitazame ukutani. Kyimo huna kazi tena, nyumba yangu ina nafasi, mlishe kwa mkono wako kama siku zote. Mimi na wewe tuliwapoteza wengine. Huyu tunaweza.

Njoo, mwanangu.

Ambilikile


Kyimo,
Jumanne, 11 Juni 2024

Tata,

Nilikuja jana.

Barua yako ilinikuta Mbeya kwa Fred, ndiyo maana nilichelewa. Niliirudia mpaka Fred akaniuliza nina nini. Nikamwambia babu yako ameniita. Akasema, sasa si uende, Mama, shida iko wapi. Kwake ni jambo la kupanda gari tu.

Nilipika uji wa ulezi, nikauweka kwenye ile chupa ambayo Gwantwa anaijua. Hasheem alinishusha chini ya shamba lako kwa sababu ya tope. Nilipanda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa najiambia, umeondolewa, Padre amesali, umeondolewa. Nilifika uani. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kupiga hodi.

Mwavuli ulikuwa umeegemea ukuta pembeni ya mlango.

Sijui nikueleze vipi. Najua ni nyumba yako na mwavuli wako lazima ukae mahali. Najua ulikuwa ndani ukiningoja. Akili yangu ilijua yote hayo. Lakini miguu iliuona mwavuli, nikajikuta niko kwenye mahindi nimeinama, na nilikuwa siwezi kurudi, nalia huku nimeziba mdomo usinisikie. Kumbe wewe unaweza kuniondolea mwiko, na mimi nikabaki nao.

Nilisubiri mpaka nilipotulia, nikanyata, nikaacha chupa barazani. Mwambie Gwantwa nimeuonja. Mwambie ni mimi.

Jumapili nakuja tena, Agness atakuwa nami. Nimemwambia anishike mkono na asiuachie hata nikimwomba. Nitaingia, Tata. Nakuahidi.

Atupele


Isongole,
Ijumaa, 14 Juni 2024

Atupele,

Hasheem ameniletea barua yako leo, naye amebaki hapa kusaidia kuchimba.

Nilikusikia siku ile. Nilikuwa nimekaa sebuleni, nimegeuza kiti ukutani kama nilivyosema. Nilisikia viatu uani, nikajua ni vyako kwa sababu vilisimama. Kila mtu mwingine anayekuja hapa anaingia tu. Nilifungua mdomo nikuite. Nilikuwa nimelikariri jina lako siku zote zile. Nilikaa na mdomo wazi, na halikutoka, mpaka nikasikia mahindi yanatikisika. Hata hapo ningeweza kuinuka. Sikuinuka. Kwa hiyo usijilaumu peke yako, tulikuwa wawili tena.

Nilimpelekea chupa. Aliitambua, akakaa kitako mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu aje. Akaniuliza, nani kaleta. Nikasema mkamwana wangu, Mama Fred, ameuonja. Akauliza yuko wapi. Nikasema ameondoka. Alitazama mlango. Kisha akasema, "Angekuwa ni yeye, angeingia." Akalala akanigeuzia mgongo. Uji ulipoa hapo mezani. Sikuwa na moyo wa kuumwaga.

Amefariki jana alfajiri. Tunamzika leo mchana, shambani kwangu, upande wa migomba. Watoto wa kaka yake wameleta jeneza na kwaya. Wanaimba vizuri sana.

Hutawahi, najua. Ila Jumapili ukija utakuta watu bado wapo. Wanawake wamekaa nyuma ya nyumba, wanaume mbele, kama kawaida. Pita nyuma, mwanangu. Agness asikushike mkono.

Mwavuli nimeuondoa mlangoni.

Ambilikile